Kabla ya Msimu wa Ngoma: Barua ya Wazi kwa Wazee wa Kanisa na Wazazi Wakristo wa Uluguru

Kwenu wajumbe wa Halmashauri za Walei, wazee wa kanisa, makatekista, viongozi wa vikundi vya akina mama, na wazazi Wakristo wa Matombo, Mkuyuni, Kinole, Kolero, Mgeta na vijiji vyote vya Milima ya Uluguru.

  

Nawaandikia kabla ya msimu, kwa sababu ngoma ikishaanza kulia hakuna atakayesikiliza hoja. Masika yakipita na mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Juni, vijiji vyetu huingia katika miezi ya sherehe. Mabinti waliowekwa ndani hutolewa, muziki hukodiwa, ndugu hupanda kutoka Morogoro mjini na Dar es Salaam, na wazazi waliopokea ushirika mtakatifu Jumapili huketi mstari wa mbele huku binti wa miaka 13 au 14 akitangazwa mbele ya kijiji kizima kwamba amekua na anangoja mume. Si kila nyumba, wala si kila kijiji. Lakini jambo hili linatokea vya kutosha, tena ndani ya familia ambazo majina yao yamo katika vitabu vyetu vya ubatizo, hata hatuwezi kuendelea kuliita mila ya watu wengine. Ninalotaka kuwaambia ni hili: Kanisa katika Uluguru limekuwa kali pale Maandiko yaliponyamaza, likanyamaza pale Maandiko yanaposema wazi, na anayelipa gharama ya kosa hilo ni binti.

Mila ya Waluguru haistahili kudharauliwa, na anayeidharau asitegemee kusikilizwa milimani. Kwa Waluguru ukoo huhesabiwa kwa mama. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, la mama yake, ardhi imepita vizazi vingi mikononi mwa koo hizo, na mjomba ana wajibu kwa watoto wa dada yake ambao hakuna mahakama iliyomwandikia. Katika mpangilio huo, binti akivunja ungo, habari hiyo haiishii kwa baba na mama yake. Ukoo mzima umepata mama wa kesho. Ndiyo maana alitengwa na watu, akafundishwa usafi wa mwili, adabu, kazi, na namna ya kuishi na mume bila kuaibishana. Ndiyo maana Waluguru, sawa na jirani zao Wazaramo, Wakwere na Wakutu, walichonga mwana hiti, kile kisanamu cha mti ambacho mwali alikitunza na kukipaka mafuta kama mtoto wake, ajizoeze ulezi kabla ya kulea. Jamii iliyomwandaa binti kwa uangalifu wa namna hiyo ilimthamini, na ilijua kwamba uhai wa jamii yenyewe unapitia kwa binti huyo. Nikisema kuna jambo la kukataa, sisemi kwamba bibi zetu walikuwa hawajui walitendalo.

Wamisionari hawakuliona hilo kwa urahisi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua misheni ya Mhonda mwaka 1877, na mwaka 1897 wakaanza Matombo. Walileta Injili, shule na dawa. Walileta pia desturi za nchi zao, na si mara zote walijua mpaka uko wapi. Ukoo wa mama uliwatatiza. Walitaka baba awe kichwa cha watoto kama ilivyokuwa kwao Ulaya, ingawa hakuna amri ya Mungu kwa mataifa kwamba ukoo lazima uhesabiwe kwa baba. Ngoma iliitwa ya kishenzi kabla ya mtu kuuliza inaimba nini. Kukaa ndani kwa mwali, ambako zamani kuliweza kuchukua hata miaka, kulipingwa kwa sababu mbili zilizochanganywa, moja nzito na nyingine dhaifu: kwamba binti anakosa shule na ibada, na kwamba hayo ni mambo ya Kiafrika. Watu waliisikia ile ya pili kuliko ya kwanza. Wakajifunza kuishi katika nyumba mbili. Iko ya kanisani, ambako mtu huvaa vizuri na kuitikia vizuri, na iko ya nyumbani, ambako mambo mazito ya maisha huamuliwa na makungwi, wajomba na majirani, mchungaji asijue au ajifanye hajui. Nyumba hizo mbili tumezirithi pamoja na misalaba na kengele, na bado tunazikalia.

Maandiko hayakututuma kujenga nyumba mbili. Paulo anapowaandikia Warumi, katika sura ya 12, anawaonya wasichukue umbo la dunia inayowazunguka, lakini hawaambii waache kuwa Warumi. Tazameni habari za Danieli kule Babeli. Alipewa jina la kigeni akaitika. Akasoma lugha na elimu ya Wakaldayo hadi akawashinda wenyeji. Akamtumikia mfalme asiyemjua Mungu wa Israeli, kwa uaminifu. Alipofika kwenye chakula cha mfalme alisimama, na ilipokuja amri ya kutomwomba Mungu wake aliomba madirisha yakiwa wazi. Mtu huyu hakuikataa Babeli nzima, wala hakuikubali nzima. Alijua yapi anaweza kuyabeba na yapi yangemfanya awe mtu mwingine. Mtaguso wa Yerusalemu, katika Matendo 15, ulifanya kazi hiyohiyo kwa Kanisa zima: mitume walikataa kuwatwika watu wa mataifa tohara na desturi za Kiyahudi, lakini papo hapo wakawaambia waachane na uasherati na meza ya sanamu. Wengi wetu tumekariri nusu ya kwanza ya uamuzi ule, kwamba mtu si lazima aache kabila lake ili awe Mkristo. Nusu ya pili tumeiacha njiani.

Na katika Marko 7 Bwana mwenyewe anawaambia watu wa dini jambo linalopaswa kutuogopesha kuliko kuwaogopesha wasioamini. Walikuwa na desturi ya wazee iliyomruhusu mtu kuitaja mali yake kuwa wakfu kwa Mungu, kisha akawanyima baba na mama yake waliokuwa wanaihitaji. Yesu hakuwalaumu kwa kuwa na desturi. Aliwalaumu kwa sababu desturi ilikuwa imepewa nguvu ya kuifuta amri, na aliyeumia ni mzee asiye na pa kulilia. Yakobo naye, mwishoni mwa sura yake ya kwanza, anataja mambo mawili kwa pumzi moja: dini safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao, na kujilinda na mawaa ya dunia. Sisi tumeyatenganisha. Tunapohubiri juu ya kujitenga na dunia tunazungumzia nywele za kusuka, suruali kwa wanawake, na kama ngoma iruhusiwe kwenye misa. Tunapozungumzia wanyonge tunapitisha kapu la sadaka. Lakini kwa Yakobo, mtu anayemlinda asiye na mtetezi dhidi ya mazoea ya jamii yake anatimiza yote mawili kwa tendo moja.

Hapo ndipo ninapopata kipimo, kwamba desturi ibaki isipovunja amri wala kumuumiza asiye na mtetezi, na naomba mkipime nanyi. Ukoo wa mama ubaki. Hauvunji amri yoyote, na umewapa wanawake wa Uluguru sauti juu ya ardhi ambayo wenzao wengi nchini hawana. Watani waendelee kuzika na kutaniana. Khanga, vyakula, nyimbo za kumsifu binti aliyekua, mafundisho ya usafi na heshima, hata siku za kutulia ndani ikiwa hazigusi shule wala afya, vyote hivyo viko katika uhuru wetu. Kinachopaswa kukataliwa ni tangazo: kwamba mtoto aliyepata hedhi ya kwanza amekuwa mke anayengoja mume, na kwamba tangu siku hiyo mwanamume yeyote mwenye fedha kidogo anaweza kumtazama hivyo.

Najua jibu litakalokuja kwanza kutoka kwa mzee anayeijua Biblia yake: Biblia haitaji umri wa kuolewa. Ni kweli, haitaji, na sitajaribu kulazimisha aya iseme isichosema. Hata Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inaanzia miaka 14 kwa mwanamke na 16 kwa mwanamume, ingawa inawaagiza wachungaji wawazuie vijana wasifunge ndoa kabla ya umri uliozoeleka katika nchi yao. Lakini Biblia, isipotaja umri, inaeleza ndoa ni kitu gani, na maelezo hayo mtoto hawezi kuyabeba. Katika Mwanzo 24, mtumishi wa Ibrahimu alikuwa amekwisha kukubaliana na ndugu za Rebeka na zawadi zimetolewa. Bado walimwita binti wakamwuliza kama atakwenda, na safari ikategemea kinywa chake. Katika 1 Wakorintho 7, Paulo anasema mke ana haki juu ya mwili wa mumewe kama mume alivyo na haki juu ya mwili wa mkewe. Huo ni usawa wa watu wawili wanaoweza kudai na kukataa. Binti wa darasa la saba anadai nini kwa mwanamume wa miaka 30? Anakataa kwa sauti ipi, wakati kijiji kizima kimeshangilia? Na kuna onyo la Bwana katika Mathayo 18 kwa anayemkosesha mmoja wa wadogo, lile la jiwe la kusagia na kilindi cha bahari, ambalo kwa ukali halina mfano katika mafundisho yake yote. Mwenye kutafuta umri katika Biblia asiruke maneno hayo.

Inaumiza kusema kwamba katika jambo hili mahakama zimetutangulia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya serikali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 nayo yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Hali yenyewe inaonekana katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16: kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 31 walikuwa wameolewa au kuishi na mwanamume kabla ya kutimiza 18. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Mwaka 2022 asilimia hiyo ilishuka hadi 22. Imeshuka, tushukuru. Lakini zaidi ya msichana mmoja katika watano si idadi ambayo nchi yenye makanisa na misikiti kila kona inaweza kuitazama kwa utulivu.

Jibu la pili litakuwa methali: mkataa kwao ni mtumwa. Wapo watakaosema Ukristo ni wa kuja na mila ni ya kwetu, kwa hiyo anayetumia kitabu cha wageni kuhukumu ngoma ya nyumbani amekwisha kuuzwa. Ningeiheshimu hoja hiyo zaidi kama ngoma inayotetewa ingekuwa ile ya bibi zetu. Sivyo ilivyo. Mwali wa zamani alitoka ndani akiwa ameshatafutiwa mchumba anayejulikana kwa ukoo, mjomba akiwa mdhamini, na mwanamume akiwa na deni la kazi na heshima kwa watu wa mkewe. Mwali wa leo huwekwa ndani kwa wiki chache za likizo, kisha hutolewa kwa muziki wa vigodoro unaokesha, mbele ya watu waliokuja kwa pombe, na mwanamume atakayemchukua huenda ni mpita njia ambaye hana mtu wa kumwuliza atakapomwacha na mimba. Tumeubeba ujumbe wa mila tukaacha ulinzi wake. Anayesema anatetea utamaduni na aanze kutuonyesha yuko wapi mjomba aliyesimama kumdai mwanamume huyo. Viongozi wa serikali hupiga marufuku vigodoro hapa na pale, vikanyamaza kidogo, kisha vikarudi, kwa sababu amri ya mkuu wa wilaya haiwezi kuingia mahali ambapo dhamiri ya mzazi imekubali. Na kuhusu kitabu cha wageni: Biblia nzima imesomwa kwa Kiswahili tangu 1891, na imani yenyewe ilikuwa imestawi Misri, Nubia na Ethiopia karne nyingi kabla wale mapadre hawajajenga Matombo.

Jibu la tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na nitalikalia. Akina mama watasema: ngoma ikiondoka, nani atamfundisha binti? Wazazi wanaona haya kuzungumza na watoto wao mambo ya mwili. Mafundisho ya kipaimara hayagusi hedhi. Shule inagusa juu juu. Simu inafundisha usiku kucha, na inayofundisha ni uchafu. Kungwi angalau ni mwanamke mzima anayemjua mtoto kwa jina. Nakubali kila neno. Kanisa linalokataza bila kufundisha linamwacha binti na walimu wabaya zaidi. Na hili si swali jipya katika nchi yetu. Askofu Vincent Lucas, Mwanglikana wa misheni ya UMCA aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alilishughulikia kwa miaka mingi kule kusini. Badala ya kupiga marufuku jando na unyago, aliviingiza ndani ya Kanisa: wavulana wakaenda jandoni kwa sala na baraka, wakitunzwa na Wakristo, na yaliyopingana na imani yakiondolewa. Alieleza kwa maandishi sababu zake, kwamba Injili haikuja kuiacha jamii tupu. Upande wa wavulana ulishika mizizi. Upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, na sababu inafahamika: mafundisho ya wasichana yalikuwa mikononi mwa wanawake, na wanaume waliokuwa wanatengeneza utaratibu hawakuyajua wala hawakuruhusiwa kuyajua. Somo la Masasi kwa Uluguru liko hapo. Mapadre na wachungaji hawawezi kuusafisha unyago kwa waraka. Wanaoweza ni wanawake Wakristo ambao wenyewe walichezwa, wanaojua kilichosemwa ndani, na wenye ujasiri wa kusema hiki tunakibeba na hiki tunakiacha. Wamo katika WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamo katika vikundi vya akina mama vya sharika zote. Wengine wao ni makungwi leo hii, na tunajua, na tumewaacha wafanye kazi hiyo gizani kana kwamba ni kosa, wakati tungeweza kuwapa nafasi, mafundisho na heshima.

Kuna umaskini pia. Mzazi mwenye watoto sita na shamba la mteremko lililochoka anaona mahari kama msaada na binti kama mdomo mmoja uliopungua. Sitamhubiria mtu mwenye njaa. Ila tuhesabu pamoja: tangu Januari 2016 elimu katika shule za serikali, kuanzia ya msingi hadi kidato cha nne, hutolewa bila ada, wakati sherehe ya kumtoa mwali inadai mchele, nyama, pombe, sare za ndugu na kukodi muziki. Familia nyingi zinazosema hazina fedha za daftari na sare ya shule huzipata za sherehe, kwa michango ya ukoo. Ukoo unaoweza kuchangia usiku mmoja wa ngoma unaweza kuchangia muhula. Mkristo aliyemo katika ukoo huo, anapoombwa mchango, ana haki na wajibu wa kusema: changu kiende shuleni.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, maana wengi wetu tunajua lililo sawa na kinachotushinda ni uso wa shangazi. Waluguru hawakuwa watu wa kuburutwa. Julai 1955, Matombo, umati ulisimama dhidi ya mpango wa serikali ya kikoloni wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani; polisi waliitwa, mtu akauawa, na mpango ukafa. Walikataa amri ya mkoloni na ya watawala wa kienyeji waliokuwa wanaisimamia, kwa sababu waliiona inaharibu udongo na nguvu zao. Watu wenye historia hiyo hawawezi kusema hawajui kusema hapana. Lakini kumkatalia mgeni ni rahisi kuliko kumkatalia ndugu, na kwa hilo tutazame mfano mwingine. Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu wengi wa uamsho, wale watu wa wokovu waliotokana na vuguvugu lililoanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walikataa kula kiapo cha Mau Mau, kundi lililodai ardhi kwa silaha. Wakaambiwa wamewasaliti watu wao. Serikali ya kikoloni ikawataka wabebe bunduki upande wake. Wengi wakakataa na hilo pia, wakisema damu ya Kristo waliyoinywa haiwaruhusu kunywa kiapo wala kumwaga damu ya ndugu. Baadhi yao waliuawa. Mtu anaweza kutofautiana na msimamo wao wa kisiasa. Mimi mwenyewe sidhani kwamba kudai ardhi kulikuwa dhambi. Lakini walionyesha kwamba kumtii Mungu hakumweki mtu upande wa mzungu wala upande wa umati. Kunamweka mahali pa upweke, ambapo hukaa na kupenda watu wa pande zote mbili.

Wala simwombi mtu aikimbie jamaa yake. Nyumba nyingi za Uluguru zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, na ndugu zetu Waislamu wanao walimu wanaolalamika juu ya vigodoro hivyohivyo kwa sauti kubwa kuliko yetu. Paulo, katika 1 Wakorintho 10, anamruhusu Mkristo aende kula kwa jirani asiyeamini bila kuulizauliza. Anapomzuia ni pale kula kwenyewe kunapokuwa kukiri jambo. Nendeni basi kwenye sherehe ya ndugu. Pelekeni unga, mpongezeni binti kwa kukua. Saa ya tangazo la mume ikifika, ondokeni kwa heshima, na kesho yake mwambieni mama yake kwa nini mliondoka.

Sasa nije kwenye jambo lililo mikononi mwenu moja kwa moja, wazee wangu, ambalo ni nidhamu ya Kanisa. Binti akipata mimba, tunamfungia sakramenti au tunamtenga na meza ya Bwana. Anakaa benchi la nyuma, anakuja kuungama mbele ya watu, anarudishwa kundini akiwa na mtoto mgongoni. Mwanamume aliyempa mimba, kama ni wa kanisa letu, mara nyingi haitwi. Baba aliyepokea fedha haitwi. Mjomba aliyekaa kimya na mzee wa kanisa aliyekula wali wa sherehe hawaitwi. Katika Yohana 8 watu wa dini walimleta mwanamke peke yake, ingawa sheria waliyoitaja, katika Walawi 20, iliwahukumu wote wawili. Na Bwana, aliyekuja kumwambia asitende dhambi tena, alianza kwanza na wale walioshika mawe. Nidhamu inayomwangukia mtoto na kumpita mtu mzima haina uhusiano na kiwango cha Biblia, hata ikitumia maneno yake. Ni mazoea yetu ya kumwogopa mwenye nguvu, yaliyovishwa kanzu. Na tukumbuke kwamba tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi darasani. Itakuwa aibu kubwa ikiwa mlango uliofunguliwa na wizara utafungwa na aibu ya kanisani.

Kwa hiyo naomba kila Halmashauri ya Walei na kila baraza la wazee likae kabla ya mwisho wa Mei. Lijadili wazi na kuamua, na uamuzi wake usomwe kwenye vigango na mitaa, kwamba mzazi au mlezi Mkristo anayemwoza binti chini ya miaka 18, au anayeruhusu atangazwe kwa mume, atakuwa chini ya nidhamu ileile atakayowekewa mwanamume anayemchukua. Kwamba binti hataadhibiwa kwa jambo alilofanyiwa. Na kwamba kiongozi wa kanisa hatachangia wala kuketi katika sherehe ya namna hiyo. Litafute akina mama wanaokubalika kijijini, makungwi wakiwemo, liwape kazi ya kuwafundisha mabinti wetu habari za mwili, heshima na ndoa ndani ya likizo, bila kumkosesha mtoto hata siku moja ya masomo, na liwalipe nauli na posho kama tunavyowalipa wanaokuja kuhubiri mikutano. Na kikao hicho kisiwe cha wanaume watupu wanaoamua juu ya mambo ambayo hawajawahi kuyasikia. Akina mama wawe angalau nusu yake, na wao ndio waanze kusema. Shule hufungwa karibu na mwanzo wa Juni, na wiki ileile watoto hurudi nyumbani.

Ndugu yenu katika imani,
mwumini wa Morogoro.